Mawe Anayokalia Yule Shujaa

Mujukuu wangu Neema,

Huku Mulongwe tuko. Mto uliingia uani lakini nyumba iko, na mama yako amepona malaria.

Gazeti ulilotuma nilisomewa, pamoja na barua za wasomaji. Unauliza miye nasema nini juu ya yule muzungu aliyepanda milima yetu kwa mchezo. Wasomaji wanamsifu: "Shujaa! Amepita njia ambayo hakuna muntu aliwahi kuipita."

Hakuna muntu? Wakati wa uasi tulikimbia kwa njia ile, mimi na dada yangu Faida. Alibeba chumvi ya ng'ombe, maana kwa wafugaji wa juu huendi mikono mitupu. Mvua ikaiyeyusha yote. Homa ilimshika, lakini yeye aliona haya tu: "Tutawafikia na nini?"

Nilifika peke yangu. Mama mmoja akanipa maziwa, hakuuliza chumvi.

Sasa tazama tena picha ya yule muzungu gazetini. Mwamba ule wa nyuma naujua. Mawe anayokalia akicheka, niliyapanga mimi juu ya Faida.

Nawe ni msomaji, na Kifaransa unakijua. Waandikie wenye gazeti. Sitaki msamaha wao. Waambie tu ainuke.

Bibi yako