Gauni Namba Sita

Kwa Dada,

Kabla ya salamu, pokea hili: Jumatatu iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye ukumbi wako wa mazoezi ya maonyesho ya mitindo, mwanangu alipoteza fahamu. Katika wiki kumi na nne za kabla ya hapo alikuwa amepoteza kilo kumi na nne. Nimeanza na hayo kwa sababu katibu wako aliponipigia simu alisema mtoto amechoka kidogo.

Sasa salamu. Natumaini u mzima, na mguu wa shemeji umepata nafuu. Mimi sijambo, kwa maana kwamba natembea na nakula. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, wodi ya ghorofa ya pili. Yeye amelala ameelekea ukutani.

Daktari ni msichana mdogo lakini hana mchezo. Aliuliza urefu wa mtoto, nikamwambia mita moja na sabini na nne bila kufikiri, maana nimemshonea nguo tangu ana miaka minne. Akanionyesha mzani: kilo arobaini na tano. Moyo unapiga mara arobaini na moja kwa dakika. Akaniambia tumbo halina tatizo, tatizo liko kichwani: mtoto anaogopa chakula. Asipokula kwa hiari yake hadi Ijumaa watampitishia mrija puani, na kuhusu moyo hawezi kuniahidi chochote.

Dada, huyu ndiye Kibonge. Jina ulimpa wewe, ukimbeba huku ukilalamika kwamba mgongo wako utadai fidia. Alipofika miaka kumi na minane ukaja kumwomba. Ukasema uso kama ule usipotelee kwenye chumba cha cherehani, na kwamba jarida lako la mitindo litamweka jalada la mbele. Nilifurahi, sikatai. Mimi nilianza na cherehani ya kukodi, nikikunja pindo za suruali za watu chini ya ngazi. Wewe ulikuwa na maneno, mimi nilikuwa na mikono, na jengo lile la vioo limesimama juu ya vyote viwili. Kwenye bango jina ni lako peke yako. Hilo nimelimeza miaka kumi na moja na si hilo lililonishikisha kalamu.

Jana alinisimulia. Mpiga picha wako alimwambia mbele ya wenzake kwamba kamera yake haikununuliwa kupigia picha magodoro. Wakacheka, naye akacheka ili asionekane ana kisirani. Kila wiki mbili, siku ya Jumatatu, ulimwita ofisini avae gauni la krimu mbele ya kioo. Zipu ikigoma ulimpapasa bega, ukamwambia Mama Mkubwa hana la kusema, gauni limeshasema. Akaacha mkate. Akaacha maziwa. Mwisho akawa anaishi kwa nusu chungwa na maji ya moto, na gauni bado linabana. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, kwamba alikuwa ananenepa hata akiwa usingizini.

Sasa nifike pale pagumu. Hakunenepa. Gauni lilikuwa linapungua, na aliyelipunguza ni mimi.

Uliniambia ni ujanja wa kazi, kwamba wasichana wakizoea hubweteka na gauni likibana kidogo hujichunga. Ukaniletea magauni kumi yenye namba bila majina. Kila wiki mbili nilitakiwa kuingiza robo sentimita kwenye kila mshono wa ubavuni. Shule sikwenda sana, lakini hesabu hiyo naijua: robo, kwa pande mbili za kitambaa, kwa mishono miwili, ni sentimita moja nzima kiunoni. Mara saba ni saba. Gauni namba sita lililetwa likiwa na kiuno cha sabini na moja. Leo lina sitini na nne.

Daktari nilimwambia sikujua namba sita ni ya nani. Nilimdanganya. Mara ya tatu nilipitisha futi mabegani, nikakuta la kushoto limekatwa chini kwa sentimita moja, na bega lile nalijua kuliko langu. Nilikaa na pini mdomoni muda mrefu. Kisha nikabana. Nikabana tena mara nne, kwa sababu ya lile jalada, kwa sababu nilitaka mara moja tu kitu changu kionekane. Na yale magauni tisa nilibana bila hata kukaa, kwa kuwa walikuwa watoto wa wenzangu.

Leo asubuhi nimemwambia yote. Akanishika mkono, akanishukuru, akasema anajua nayasema hayo ili ale. Mimi ni mama tu, naweza kusema lolote. Anayemwamini ni wewe. Gauni lina mistari ya matundu ya sindano ndani ya ubavu, hata kipofu angeihesabu kwa kidole, ila limefungiwa kwenye kabati lako. Nililifuata jana. Mlinzi, niliyemshonea sare, akaniambia kwa aibu kwamba ameagizwa nisipande ngazi.

Maua uliyotuma nimempa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nataka ulete gauni mwenyewe, uligeuze ndani nje mbele ya mtoto, umwambie kwa kinywa chako kwamba tulilibana na kwamba hakuongeza hata kilo moja. Mama wa wale tisa nitaanza kuwapitia Jumamosi, uje usije. Hilo halina mjadala.

Nisalimie shemeji, na watoto uwaambie mama yao mdogo anawakumbuka.

Mrija wanauweka Ijumaa saa nane mchana. Usinitumie katibu, usiniambie tutaongea. Nijibu neno moja kabla ya saa sita siku hiyo: unakuja, au huji?

Mdogo wako,
Fundi