Namba Saba na Siku Tatu za Homa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Hatimaye kazi yenyewe! Si kurekebisha printa tena. Daktari Phoebe ataka niipekue data ya chanjo ya malaria kwa mbinu nilizokuwa nikiwindia wadukuzi kule benki. Nimemweleza: mwizi wa mtandaoni hakamatwi kwa anachosema, hukamatwa kwa alama anazoacha — saa, mashine, kasi ya vidole. Akasema, basi kamata. Jumanne ya wiki ijayo watoto mia mbili, Kisauni na Likoni, waanza dozi kubwa zaidi. Lazima ajue kwanza kama vipimo vya homa ni vya kweli.

Wanaozunguka majumbani kupima watoto, kwangu mimi ni namba tu. Majina Daktari ayafungia kabatini.

Jumanne, 10 Juni

Nimempata. Namba saba! Nyumba kumi na mbili, kila moja imejazwa kwenye tableti kwa sekunde ishirini. Hata kipimajoto hakijalia! 36.6, 36.7, 36.6. Siku tatu mfululizo — zile za mwanzo baada ya sindano, ambazo homa ikija ndipo huja. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe bado nimo!

Daktari akafungua kabati. Jumwa. Jumwa wangu, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Nikazitazama tarehe upya. 14, 15, 16 Mei.

Matanga ya Mama.

Jumatano, 11 Juni

Sijala. Siku hizo tatu Jumwa alikuwa nami Kaloleni. Tulilala mkeka mmoja. Aliosha sufuria za watu mia, akanishika kiuno jeneza liliposhuka. Nilimuuliza habari ya kazi? Sikumuuliza. Kwetu aliyefiwa hamuulizi mtu ameacha nini nyuma. Nilidhani kapewa ruhusa. Uongo — sikudhani chochote.

Jioni nimemwendea kwake Mtopanga. Hakukana. Alikuwa achambua mchicha, hakuinua macho. Ati yeye ni kibarua, angeomba ruhusa nyumba zake angepewa mwingine. Tena akasema: "Nawe Caro hata kusimama ulikuwa huwezi. Ningekuacha na nani?"

Nikalia. Nikamkasirikia vilevile. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 12 Juni

Muuguzi Mwarandu kawapigia simu kina mama wote kumi na wawili. Wote wasema Jumwa alikuja! Waogopa watoto wakitolewa kwenye utafiti matibabu ya bure yatakatika. Mmoja akaropoka kwamba mwanawe alishikwa na degedege tarehe 15. Kisha mbio mbio: lakini Dada Jumwa alipita asubuhi, mtoto alikuwa mzima.

Mungu wangu. Kwenye data yote hakuna degedege hata moja. Dozi kubwa ni Jumanne.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika chooni, mlango nimeukomea. Kikao kinaendelea.

Jumwa asema alipima, akaandika kwanza kwenye daftari, jioni akanakili yote kwa pamoja, ndiyo maana ya ile kasi. Daftari limelowa mvua. Mwarandu akaitikia kwa kichwa — wote hufanya hivyo, tableti huishiwa chaji mchana. Na degedege? Labda ilikuja baada yake kupita. Basi alama zangu zote si kitu. Kazi bure.

Daktari akasema kama hakuna aliyemwona kwingine siku hizo, data itabaki ilivyo na Jumanne sindano zaanza. Kisha akanigeukia mimi. Caro, si ndizo siku ulizokuwa msibani? Jumwa ulimwona?

Jumwa alinitazama tu. Hakuniomba kitu. Afadhali angeniomba! Nikasema tumbo laniuma, nikatoka.

Hodi mlangoni. Nilidhani ni Daktari.

Ni Jumwa. Auliza kama nimezidiwa, aniletee maji —