Koma ya Nzioki

Kisumu

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua chako kimetulia? Mvua imefika Mbooni? Sisi huku tuko hai wote watatu. Nimesema watatu, Mama: mimi, Baba na Nzioki. Anayekusomea arudie hapo.

Nzioki alianguka ghalani kutoka juu ya magunia ya sukari, akagonga kichwa sakafuni. Nilipofika hospitali alikuwa anapumua tu, hajibu. Daktari akasema yuko koma. Kwa Kiingereza cha hospitali, huyo ni mtu aliyezimia na haamki. Karani wetu ndiye aliyetuma ile telegramu, na kwa kuwa telegramu hulipiwa kila neno, akaandika: NZIOKI KOMA HOSPITALI KISUMU.

Baba amenieleza mliyoyapata kwa sababu ya telegramu hiyo. Mwalimu aliisoma kwa Kiswahili, akasema kukoma ni kufika mwisho, kijana amekufa. Mjomba akaisoma kwa Kikamba, akasema koma ni kulala, kijana amelazwa apumzike. Wakabishana mbele yako. Baba hakungoja mshindi. Alifunga suti nyeusi ya Nzioki na kibuyu cha uji katika furushi moja, akapanda basi.

Nilimpokea stendi. Hakunisalimu.

"Nifungue kipi?" aliniuliza, ameshika furushi. "Suti ama uji?"

"Uji, Baba. Lakini bado hawezi kunywa."

Wodini, sista mmoja wa makamo alimweleza kwamba neno hilo Wazungu walilitoa kwenye Kiyunani, na kule maana yake ni usingizi mzito. Unamjua Baba na Biblia yake.

"Kiyunani cha Paulo?"

"Hicho hicho."

"Basi shemeji yangu hakukosea."

"Hakukosea, mzee. Lakini huu si usingizi wa kuamshwa."

Baba alimwamsha hata hivyo. Kila asubuhi alimwita kwa jina, vile alivyokuwa akimwita aende kukamua. Mimi sikuwa na tumaini. Nilienda kazini, nikarudi, nikamkuta anaita. Wauguzi walimzoea. Halafu Jumapili, watu wakitoka kanisani, Nzioki alifungua macho akasema kwa Kikamba, "Nimesikia, Baba."

Baba alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Mguu wa kushoto bado anauburuta. Majina mengine yamempotea. Langu alilikosa mara mbili. Daktari anasema yatarudi, au hayatarudi. Akiruhusiwa, yeye na Baba watakuja nyumbani pamoja, na mimi nitabaki na kazi.

Nisalimie Mjomba, na asijivune sana. Nisalimie Mwalimu, mwambie hakuna aliyemkasirikia, alisoma kilichoandikwa. Nisalimie na Shangazi wa Nunguni, ambaye nasikia alifika na sufuria zake za matanga. Arudi nazo salama.

Jambo la mwisho. Baba anasema alipoondoka vijana walikuwa wameanza kuchimba kaburi kando ya mibuni. Wazee watasema shimo la namna hiyo halifukiwi tupu, lazima gogo la mgomba lizikwe humo. Nilipomwambia Nzioki, alicheka, mara ya kwanza tangu aanguke. Anaomba msikate ule wa karibu na jiko. Anasema umekaribia kuzaa, naye anakuja na njaa.

Mwanao,
Kioko