Mkono Niliouzuia

Mwanza,
12 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepungua kuuma tangu uache kwenda shambani, kama kweli umeacha, maana nakujua. Mimi huku sijambo. Samaki furu uliowatuma kutoka Nansio walifika salama, ila jirani yangu Gladness amewala kuliko mimi. Ningepiga simu, lakini simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni yako peke yako.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Mama, nalipwa kukaa kwenye kona na kuandika. Mtoto aliyeondolewa kwao na mahakama akitembelewa na mzazi, naandika kile tu nilichoona na kusikia. Ukiandika kwamba mtoto alifurahi, mkuu wangu Bwana Jonathan hukata kwa kalamu nyekundu na kukuuliza furaha uliionea wapi, andika alicheka.

Mwezi wa saba nilipewa familia ya Kisesa. Baba anaitwa Luhende, mfugaji. Alipofiwa na mke alizama kwenye pombe, hadi binti yake Precious, wa miaka minane, akawa analala njaa. Sasa pombe ameacha, anamtaka mwanawe. Siku ya kwanza ya kumtembelea nilimwonya mlangoni asimguse mtoto mpaka nimruhusu. Precious akaingia, akapiga magoti, akaamkia kwa sauti ndogo na kuinamisha uso. Akabaki hivyo hivyo. Baba naye alisimama tu, kofia mikononi. Nikaandika kwamba mtoto anamwogopa baba yake.

Bwana Jonathan alikuwa likizo, kalamu nyekundu haikupita. Hakimu aliposoma, akamzuia baba asije tena.

Tangu hapo, kila Ijumaa Precious hufua gauni lake zuri, na Jumamosi huuliza kama baba amefika. Wiki iliyopita nilimuuliza kwa nini siku ile hakumtazama. Alinishangaa. Alisema kwao mtoto mwenye adabu hamkodolei baba yake macho, wala hainuki mpaka awekewe mkono kichwani. Aliusubiri mkono, haukuja, akadhani baba hamtaki tena. Mkono ule niliuzuia mimi, Mama.

Usidhani sikuijua adabu ile. Wewe ndiye uliyenifundisha kupiga magoti kabla sijajua kusoma. Lakini nilipomwona yule mtoto pale chini nilijiona mimi, sebuleni kwetu, nikisikiliza hatua za Baba ili nijue kama leo ameshika mkanda. Ulikuwa ukiwaambia wageni kwamba nina heshima. Mama, nilikuwa natetemeka. Hofu niliyoiandika ilikuwa yangu, nikambebesha mtoto wa watu.

Jana nilipeleka mahakamani ripoti nyingine ya kukiri kosa. Bwana Jonathan amesema kazi inaweza kuniponyoka, ila safari hii hakukata hata neno. Alhamisi Luhende ataitwa mbele ya hakimu. Waombee yeye na binti yake kwanza, kisha mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Baba naye mpe shikamoo yangu. Mwambie Krismasi nakuja, na nitampigia magoti kama ulivyonifundisha. Ila nitamtazama usoni. Nakuomba siku hiyo ukae karibu nami.

Mwanao akupendaye,
Bernadeta