Amortiseri za Paluku

Butembo, Jumanne

Paluku atanimaliza. Jana nilimutuma huyu ndugu yangu mudogo anunue amortiseri za kamyo yetu ya kizee, akaleta za gari dogo, zenye resori, ile springi ya kuzunguka, juu yake. "Yaya, hii inafanya kazi mbili."

Mbili za nini? Kamyo yetu iko na resori yake, vile vyuma vyenye kulaliana chini, hiyo njo inabeba muzigo. Amortiseri ni ya kuituliza tu isirukeruke. Zile za Paluku zinabeba gari lenyewe, zinataka mahali pa kushikia juu, na kwetu hapako. Muuzaji amekataa kuzirudisha.

Donc leo tumepeleka maharagi Beni vile vile, bila amortiseri za kweli, kichwa changu kikigonga paa kwa kila shimo.

Pa bariere, pale njia inafungwa, basoda na bunduki zao balitushusha, balitaka kutunyanganya kamyo. Komanda aliiendesha kidogo tu, akarudi akishika mugongo. "Mama, kamata kitu yako."

Jirani yetu alikuwa nyuma na kamyo yake, yenye amortiseri mupya. Kamyo ya kwake balienda nayo. Alikaa chini palepale pa barabara.

Sasa Paluku anauliza kama atafute zile za kweli. Nimemwambia aache. Mais sijamusamehe.