Pesa ya Mbegu

Jumatano, 14 Machi 2007

Bado nina hasira na Njoroge, shemeji yangu. Asubuhi mama mkwe alikuwa anamenya viazi, mdomo ukapinda ghafla na mkono wa kulia ukalegea. Nikajua ni kiharusi. Baba yangu alianza hivyo hivyo, tukangoja kupambazuke, na hakupona.

Njoroge akasema, "Kukodi gari mpaka Nakuru kutamaliza pesa ya mbegu. Tumpeleke hapa dispensari, tuone vile ataamka kesho."

"Hapa hawana hata dawa ya presha," nikamwambia. Nikampigia simu jirani mwenye pikapu.

Njia yote nilimshikilia kichwa asipaliwe na mate. Niliogopa kwamba nimekosea, kwamba tutampoteza mama na mbegu pia tukose.

Daktari amesema kumfikisha mapema kumesaidia. Mkono bado hausongi. Lakini jioni ameniita, "Wambui," kwa ulimi mzito, na Njoroge akatoka nje akalia.

Shamba la chini halitapandwa. Mahindi ya mwaka jana yakiisha tutakula nini, sijui. Lakini gari ningekodi tena.