Gome la Msesewe na Mguu wa Hamisi

Majengo, Moshi
Mfungo Tano

Kwa mama mkwe wangu mpenzi, Bweni, ng'ambo ya Pangani.

Shikamoo mama, tena shikamoo ya magoti. Kifua chako kinaendeleaje? Mpunga umepata mvua? Huku baridi ya mlima imeshuka mpaka uani, ila pumzi tunazo kwa rehema za Mola. Barua hii nakuomba akusomee wifi yangu Mwanaidi peke yake, na mlango aufunge kwanza.

Mama, katika barua ya mwezi uliopita nilikueleza kuwa mwanao Hamisi ana kidonda kwenye kidole cha mguu, na kwa ugonjwa wake wa sukari kidonda hakifungi upesi, japo kila asubuhi huenda hospitali kudungwa sindano. Sasa sikiliza yaliyofuata.

Wajua mimi naosha chupa kwa Bwana mmoja Mzungu, njia ya Rau, achemshaye magome na majani ya mlimani apate kujua yana nguvu gani. Safari hii kashika msesewe, gome chungu ambalo Wachaga hutia katika pombe yao ya ndizi. Anayemletea gome hilo ni Mama Eliafura wa Marangu, Mlutheri mcha Mungu mwenye mdomo kama sindano. Siku moja Bwana akanipa kichupa. "Mama, tema mate humu." Nikadhani kanitusi. Kumbe mate ndiyo kazi yenyewe. Alikoroga wanga mwepesi, kama ule tunaotilia kanzu, akaudondoshea iodini ukawa buluu nzito. Ulipotiwa mate yangu, buluu ikafifia hata ikaisha, maana mate huula wanga na kuugeuza sukari. Lakini kichupa chenye maji ya msesewe kilitiwa mate yale yale na buluu ikakaa palepale. Gome limeyashinda mate! Tena alikuwa na vikombe viwili vya mafuta ya kondoo juani. Kimoja kilivunda mpaka nzi wakakikimbia. Cha pili, chenye msesewe, mafuta yake ungedhani yameyeyushwa jana.

Nami nikayasimulia chakulani, kama mtu asimuliavyo ya kazini. Hamisi akaacha tonge.

"Kwa hiyo lafunga sukari, na lazuia kuoza?"

"Ndani ya chupa," nikamwambia. "Bwana mwenyewe asema ya chupa si ya mtu."

Akacheka. "Sasa Mzungu atampa siri yake muosha chupa?"

Mama Eliafura alipokwenda kwenye cherehani ya Hamisi kushonesha gauni la kanisani, Hamisi akamwomba gome. Yule mama akamwambia, "Sisi tunalitia kwenye pombe, fundi. Kidonda tunapeleka hospitali. Wewe pombe hunywi, hospitali unakwenda kila siku, gome la nini?"

Lakini sokoni hapa gome halikosekani. Hamisi akawa aondoka asubuhi kama aendaye sindano, kumbe anazunguka kichochoro na kurudi cherehani. Msesewe akaunywa. Kidole akakipaka mafuta ya kondoo yenye unga wake, akakifunga kitambaa, akavaa soksi. Chumbani hakosi kufukiza ubani. Mimi nikamshukuru Mungu, nikadhani ibada imemzidi.

Ubani ulipokwisha ndipo nikasikia harufu. Nilipomvua soksi, mama, kidole kilikuwa cheusi, na weusi umeshapanda mguuni. Mafuta yenyewe, wallahi, hayakuchacha. Nyama ya mwanao ndiyo iliyooza chini yake.

Wodi ya Waafrika imejaa, wamemlaza barazani. Daktari akasema mguu ukatwe upesi, la sivyo sumu itapanda na tutamkosa. Hamisi akakataa. "Fundi wa mguu mmoja atakanyaga nini?" Macho nayo sukari imeyatia ukungu, mimi hunitambua kwa sauti. Imamu wetu akaja, akamweleza kuwa dharura ina hukumu yake. Hakusikia. Mwisho akageukia ukutani, akasema, "Mama alinizaa mzima. Bila kauli yake sikatwi."

Nikawaza treni mpaka Tanga, na gari mpaka Pangani, na kivuko, kisha jibu lianze safari ya kurudi. Weusi ule haukuwa wa kungoja kivuko.

Basi nikatoka mpaka bombani, nikanawa uso, nikarudi. Nikamwambia, "Mama alipata ile barua ya kwanza. Kaleta neno, limefika na mtu wa treni ya Tanga."

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Mwambieni Hamisi nilizaa mtu, sikuzaa mguu. Akatwe, aje nimwone.'"

Akatabasamu, mama, mara ya kwanza tangu alazwe. "Ndiye mama huyo. Hata ukali wake umefika." Daktari alipopita, akamwambia, "Haya."

Wamemkata jana. Homa haijashuka. Nikimuuliza daktari, ananiambia tungoje. Kila akizinduka huniuliza, "Mama alisema hivyo, sivyo?" Nami hujibu, alisema.

Nimekutia kinywani maneno usiyoyasema, mama. Radhi yako nimeichukua bila hodi. Mwanao akifa, atakuwa amekwenda na upungufu ambao wewe hukuulizwa. Ukikasirika una haki. Niletee mimi ukali wote, nitaupokea kwa magoti. Lakini andika na barua ya pili, yake yeye, nimsomee. Humo useme kwamba ulizaa mtu. Na kama itafika hayupo wa kusomewa, usijute kuiandika. Nitakwenda kumsomea huko atakakolala.

Msalimie baba mdogo mkwezi, na shangazi wa nyumba ya pili. Hao waambie tu Hamisi mgonjwa, wamwombee. Wifi Mwanaidi, pole kwa kuyasoma haya kwa sauti.

Ni mimi mkazamwana wako, niliyesema kwa kinywa chako,

Zuhura